Jina la Mwisho

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na C+, na sikuionea haya. Wapo waliotaka niionee haya. Mwalimu mkuu wa shule yetu, mama mrefu aliyevaa sweta la kijani mwaka mzima, alinikabidhi karatasi ya matokeo akasema, "Si mbaya," kwa sauti ambayo mtu humwambia mwenyeji aliyemletea chai iliyopoa. Miaka ile ya tisini C+ ilikufikisha mlangoni mwa chuo kikuu cha serikali, halafu ukaambiwa ndani kumejaa wenye B. Majirani zetu, huku kati ya Kericho na Sigowet, walikuwa wameshanipangia maisha: ualimu wa shule ya msingi, uuguzi, au mume mwenye ng'ombe. Niliwashukuru wote na sikuchukua hata moja.

Kilichoniangusha kilikuwa kemia na, mtanisamehe ninyi mnaonisoma, Kiswahili. Mimi ni Mkipsigis, na sisi herufi b na p hatujawahi kuzitenganisha vizuri. Kwetu zinakaa nyumba moja na kula sufuria moja. Katika insha ya kidato cha tatu nilijaza ukurasa mzima nikimsifu papa yangu. Papa yangu anaamka alfajiri. Papa yangu anachuna chai hata kukiwa na mvua ya mawe. Papa yangu hamwogopi mtu. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa mtu wa pwani, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Papa ni samaki mkubwa wa baharini. Alifikaje Kericho?" Darasa lilicheka muhula mzima. Nami nilicheka, maana ilichekesha, lakini nyumbani sikumwonyesha baba ile karatasi.

Baba alikuwa na kipande cha chai kwenye mteremko, ng'ombe wachache wa maziwa na mahindi ya kula. Kwenye kituo cha kupimia majani hakuwa na jina. Karani aliita namba za wakulima, na namba ya baba ikiitwa alijibu "Niko!" kwa sauti ya mtu aliyeitwa kupewa zawadi, akainua kikapu chake kwenye mizani. Siku moja nilimwuliza kama haoni vibaya kuitwa namba kama ng'ombe wa mnadani Mulot. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechoka. "Nisipoitika," akasema, "watapima ya mwingine."

Wazo la Marekani sikulitoa hewani. Vijana wa kwetu walikuwa wakienda huko, ila walienda kwa miguu yao, yaani kwa mbio. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba ninaomba chuo Marekani, kila mtu aliniuliza ninakimbia mita ngapi. Nikasema sikimbii, ninakwenda kusoma. Waliniangalia kwa huruma. Ukweli ni kwamba nikikimbia hata ndama ananipita, na sikuona kwa nini hilo linihusu. Niliwaambia Marekani kuna watu wanaotembea, na watu hao pia wanasoma mahali fulani.

Nairobi, alikokaa shangazi yangu, kulikuwa na chumba cha kusomea chenye vitabu vinene vya vyuo vya Marekani, kurasa kwa kurasa, kila chuo na anwani yake. Nilikaa humo likizo nzima. Nilikichagua chuo kimoja kidogo kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika picha yao, nyuma ya wanafunzi waliokuwa wakicheka, kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe mzuri, mwenye kiwele cha heshima. Ya pili, waliandika kwamba hawaangalii alama peke yake, wanamwangalia mwombaji mzima. Watu wengi husoma maneno ya namna hiyo wakayachukulia kuwa ni adabu tu. Mimi niliyachukua kama ahadi, nikawaandikia wanitumie fomu.

Fomu ilikuja kwa sanduku la posta la shule ya msingi ya jirani, lililotumiwa na kijiji kizima. Niliipeleka mjini Kericho kwa mama mmoja aliyepiga taipu barazani mwa duka la vitambaa. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chai, na yeye alikuwa amepiga barua za nusu ya mji ule: za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kutishia majirani. Aliipindua fomu yangu mara mbili, akavuta miwani.

"Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "majina yako iko ngapi?"

"Tatu."

"Hawa wazungu wanataka mbili. Ya kwanza na ya mwisho. Sasa tunatoa gani?"

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na nikilitazama hadi leo naona lilikuwa kosa la mtu mwenye akili timamu. Sisi jina la ukoo kama la wazungu, linalorithiwa na nyumba nzima, hatukuwa nalo. Nina jina nililopewa siku ya kuzaliwa kwangu na bibi yangu, na linasema saa niliyofika duniani: ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Hilo ndilo la kwanza, nani atabisha? Nilipokuwa msichana mkubwa nikabatizwa, na jina la ubatizo nikalichagua mwenyewe kutoka katika Biblia, nikalipenda mno. Baada ya hapo sikupewa jina jingine. Basi hilo ndilo la mwisho.

"Na ya baba?" mama wa taipu akauliza.

Nilifikiri. Jina la baba sikupewa siku yoyote. Nililikuta tu, kama nilivyoikuta nyumba na mlima. Halikuwa la kwanza wala la mwisho.

"Hawajaliuliza," nikasema.

"Hapo sawa kabisa," akasema, akagonga mashine yake kwa nguvu, nasi tukaagana tukiwa tumeridhika. Fomu ikaenda Marekani ikiwa na matokeo yangu, barua ya mwalimu mkuu iliyosema kwamba mimi ni mwanafunzi wa wastani na mtiifu, na insha yangu juu ya kuchuna chai. Ile ya utiifu sijui aliitoa wapi.

Ilibaki mitihani, ile ambayo Wamarekani huwafanyisha wageni kupima Kiingereza na hesabu. Shangazi alinisajili Nairobi akitumia kitambulisho changu, na kwa kuwa ni mtu wa haraka aliandika jina la ubatizo, akaruka la katikati, lile la kuzaliwa, akamalizia na la baba. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na kazi nyingine. Maneno magumu ya Kiingereza niliyaandika kwenye vikaratasi nikavifunga kwenye kifundo cha mkono, na huku mikono inachuna majani mawili na chipukizi, macho yanasoma. Mama alisema nitachuna magugu. Sikuchuna magugu, na siku ya mtihani nilitoka katika ule ukumbi nikijua nimefanya vizuri. Sikukisia. Nilijua, kama mtu anavyojua kikapu kimejaa bila kukipeleka kwenye mizani.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu upande wa Bomet. Walitaka niripoti kabla ya muhula kuanza, la sivyo wampe mwingine. Mama alikwisha kuninunulia sanduku la bati. Kila siku aliliangalia sanduku, kisha akaniangalia mimi.

Barua za Marekani zilikuja mbili kwa pamoja. Nilizifungua jikoni, mama akikoroga uji, baba akivua mabuti mlangoni. Ya kwanza iliandikwa kwa yule msichana wa fomu, yule ambaye jina lake la mwisho ni la ubatizo. Ilimwambia kwa upole kwamba hawajapokea alama zake za mtihani, na kwamba kwa matokeo aliyoyatuma hawawezi kuendelea na ombi lake. Wanamtakia kila la heri. Ya pili iliandikwa kwa yule wa kitambulisho, mwenye jina la baba. Ilimwambia kwamba wamepokea alama zake nzuri sana za mtihani lakini hawaoni fomu yake, na wangefurahi mno kama angeomba nafasi chuoni kwao kabla ya mwezi kwisha.

Nilizisoma tena, kisha nikacheka hadi nikakaa chini. Chuo kimoja, wiki moja, sanduku moja la posta. Kilikuwa kinanifukuza na kunikaribisha.

"Kumbe tulizaa mapacha," mama akasema aliposikia tafsiri, "na mmoja ndiye mwenye kichwa."

Baba hakucheka. Aliosha mikono, akaomba barua zote mbili, akazisoma taratibu kwa kidole, maana Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya zamani. Akaziweka mezani kando kwa kando.

"Huyu wanayemtaka ana jina langu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na huyu waliyemkataa, yule wa fomu." Akagusa barua ya kwanza. "Hapo mimi nilikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu, maana kwa hasira nina majibu mengi. Aliuliza kama mtu aliyefika mahali akakuta kiti chake hakipo. Nilimweleza habari ya la kwanza na la mwisho, na jinsi lake nilivyolikuta tu. Akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli, akavaa tena mabuti na kutoka ingawa giza lilikuwa linaingia. Iliniuma. Nilikuwa nimeandika insha nzima ya kumsifu alipokuwa samaki, na kwenye karatasi ya maana sikumwandika popote.

Kesho yake nilirudi Kericho. Mama wa taipu alizisoma barua, akapiga meza.

"Nyathina, Mungu ni mkubwa! Huyo wa C+ achana na yeye, huyo amekufa. Jibu kama huyu mwingine. Fomu mpya, majina mpya. Hawatajua walishakukataa."

Sitasema ushauri wake ulikuwa wa kijinga. Nilizunguka soko la Kericho nikiufikiria. Ingewezekana. Msichana wa pili alikuwa safi, hana doa, anangojwa. Lakini kadiri nilivyomfikiria ndivyo nilivyomchukia. Alikuwa amefanya nini, zaidi ya kukaa kwenye ukumbi asubuhi moja? Insha ya chai haikuwa yake. Miaka minne ya kuamka na kengele, kemia iliyonipiga chini nikainuka, yote ilikuwa ya yule waliyemkataa. C+ ilikuwa yangu, nimeitolea jasho, na kama waliahidi kumwangalia mwombaji mzima, basi wangeniangalia mzima. Nilirudi kwa mama wa taipu nikamwambia aweke karatasi safi kwenye mashine.

"Andika," nikamwambia, "kwamba hao wawili ni mimi."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe unaomba kukataliwa mara ya pili?"

"Andika tu, mama."

Barua ile bado naikumbuka karibu yote. Niliwaambia kwamba msichana mwenye C+ na msichana mwenye alama nzuri za mtihani wao ni mtu mmoja. Niliwaeleza habari za ng'ombe waliokuwa wakirudi zizini, na bibi, na ubatizo, na jinsi fomu yao ilivyouliza la kwanza na la mwisho bila kuuliza la kwanza tangu lini. Nikaandika kwamba jina ambalo wao wanaliita la mwisho, kwetu ndilo lililokuwepo kabla yangu, na hivyo wanisamehe kama sikulitambua. Mwishoni niliandika majina yangu yote matatu, la baba nyuma kabisa, bila lile neno arap, kwa kuwa arap maana yake ni mwana wa kiume wa fulani, na mimi si mwana wa kiume wa mtu. Mama wa taipu aliisoma tena yote, akavua miwani akaifuta. Alisema ni vumbi.

Chifu aliandika barua ya kuthibitisha kwamba ananijua mimi na majina yangu yote. Mwalimu mkuu naye nilimwendea anipigie mhuri. Alisoma barua yangu akiwa amesimama.

"Wewe msichana," akasema, "niliandika kwamba wewe ni mtiifu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikosea." Akapiga mhuri, akachukua karatasi nyingine na kuandika barua mpya kwa mkono. Sijui ilisema nini, maana aliifunga mwenyewe kwenye bahasha, lakini haikuwa fupi kama ya kwanza.

Kisha tukangoja. Siku ya kuripoti Bomet ikafika. Mama alikuwa amepanga nguo zangu ndani ya sanduku la bati bila kuniuliza, na tulikorofishana asubuhi ile hadi mbwa akatoka nje. Alikuwa na haki yake: nafasi iliyo mkononi tunaiachia, kwa ajili ya watu waliokwisha kunikataa? Baba alinywa chai yake hadi mwisho. Akaniuliza kama ninajua ninachofanya. Nikasema ninajua. Ndani yangu nilikuwa najua robo tatu tu, lakini sauti ilitoka nzima. Akamwambia mama atoe nguo zile zisije zikashika harufu ya bati.

Bahasha ilikuja wakati wa mvua ndefu, nzito, imelowa pembeni. Sikuifungua. Niliishika chini ya koti nikapanda nayo mteremko hadi kwenye chai, baba akiwa katikati ya mistari na kikapu mgongoni. Nikampa. Alijifuta mikono kwenye aproni ya nailoni, akasoma upande wa nje, ambapo majina yangu yote matatu yalikuwa yamepigwa taipu, lake likiwa la mwisho. Alisoma kwa kidole, kisha akanirudishia.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi nimemaliza yangu."

Walisema wameunganisha mafaili mawili kuwa moja. Walisema barua yangu ya majina imesomwa kwa sauti ofisini kwao na kwamba sasa wanafikiria kubadilisha fomu. Walisema wamenikubali, na sehemu kubwa ya karo wataibeba wao, ila kwa sababu ya matokeo yangu ya kemia nitaanza na darasa la wanaoanza kabisa. Nilipiga kelele ambayo watu wa ng'ambo ya mto waliisikia. Mama alikuja mbio akidhani ni nyoka. Aliponiona nikiruka, akatupa jembe akaruka pia, na baada ya hapo hakuna aliyewahi kutaja sanduku la bati, ingawa ndilo nililosafiri nalo.

Asubuhi ya kwanza ya darasa la kemia nilikaa mbele. Mwalimu, mzee mwenye chaki kwenye nyusi, alifungua orodha na kuanza kuita majina ya mwisho, maana hivyo ndivyo wao huitana. Kwetu mtoto hamtaji baba yake kwa jina, wala hategemei kulisikia likitajwa ovyo na mtu asiyemjua. Kisha yule mzee akaita jina la baba, kwa sauti kubwa, amelipinda kidogo katikati.

Niligeuka kutazama mlangoni.

Kweli kabisa niligeuka, na kwa kitambo kidogo nilimtafuta, na mabuti yake, na kikapu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwalimu akaita tena. Wanafunzi wakaanza kutazamana, na mimi niliyejigamba safari nzima kwamba simwogopi mtu nilikuwa nimekaa na machozi usoni, siwezi kufungua kinywa. Mwalimu akaweka alama kwenye orodha kwamba sipo, akaendelea.

Jumapili ile baba alishuka hadi Sigowet, kwenye duka lililokuwa na simu, akangoja nipige kama tulivyopatana. Nilimweleza habari za chakula, za ng'ombe, ambao ni wakubwa kweli, na za baridi. Mwisho nikamwambia lililonishinda.

"Baba, huku wananiita wewe. Darasani wanaita jina lako, na mimi nashindwa kujibu."

Simu ilikoroma. Kisha nikamsikia akicheka, taratibu, kile kicheko chake cha kituoni majani yake yanapopita bila kurudishwa hata jani moja.

"Kwani nilikufundisha nini pale kwenye mizani?" akasema. "Wakiita, itika."